Kupimwa kabla ya kununua fimbo za gofu: moyo upewe zamu yake

Huduma ya kupimwa fimbo hutangazwa kama kinga dhidi ya kununua kwa hisia. Mteja anaingia kwenye chumba chenye wavu na skrini, anapiga mipira, rada au kamera inasoma kila mpigo, na mwishoni namba zinachagua fimbo. Tathmini yetu ni kwamba huduma hii inastahili gharama yake kwa draiva (fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza wa shimo) na kwa seti ya aironi (fimbo za chuma za mipigo ya kati na mifupi). Lakini hisia haziondoki kwa sababu mashine imewashwa. Zinahamia kwenye skrini, na huko ni vigumu zaidi kuzitambua, maana sasa zinaonekana kama hesabu.

Tuanze na draiva, fimbo inayonunuliwa kwa moyo kuliko zote. Vyama vinavyosimamia kanuni za gofu, USGA na R&A wameweka kikomo: kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460, na uso usirushe mpira kupita kipimo kilichowekwa. Watengenezaji wakubwa wote wamebanana kwenye kikomo hicho kwa miaka mingi. Ukipiga katikati ya uso kwa draiva ya mwaka huu na ile ya miaka minne iliyopita, tofauti ya kasi ya mpira ni ndogo sana. Maendeleo ya kweli yamekuwa kwenye mipigo inayokosea katikati, ambayo siku hizi haipotezi kasi wala kupinda kama zamani. Faida hiyo haionekani kwenye mpigo bora. Inaonekana kwenye mpigo mbaya, na mpigo mbaya ndio mteja anaomba ufutwe.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mchezaji akishika draiva mpya mbele ya skrini yenye namba kubwa, huzungusha kwa nguvu kuliko kawaida yake bila kukusudia. Kasi ya kichwa cha fimbo ikipanda kwa maili 3 kwa saa, umbali huongezeka kwa takriban yadi 7 au 8. Yadi hizo zinaandikwa kwenye hesabu ya fimbo, ilhali zimetoka mabegani mwa mchezaji, na zitapotea wiki mbili baadaye. Kwa hiyo soma kasi ya fimbo kabla ya umbali. Kama draiva mpya imeenda mbali zaidi na kasi ya kichwa nayo imepanda, bado hujajua chochote. Kama kasi ya kichwa ni ileile na kasi ya mpira imepanda, hapo kuna jambo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Pasha mwili kwa mipira 10 hadi 15 ya aironi fupi. Piga draiva yako ya zamani mara 8, zirekodiwe. Piga mpya ya kwanza mara 8, ya pili mara 8, halafu rudi kwenye ile ya zamani kwa mipigo mitano au sita ya mwisho. Marudio hayo ya mwisho ndiyo yanayotenganisha fimbo na mwili: mara nyingi ya zamani nayo huongeza yadi, kwa kuwa misuli imeshapata moto. Fundi asiyetaka fimbo yako ya zamani iingie kwenye kompyuta anauza, hapimi. Kufuta mipigo kuruhusiwe kwa sharti moja, nalo ni kwamba kinachofutwa kwa fimbo mpya kifutwe pia kwa ya zamani. Kisha angalia wastani wa umbali wa angani na upana kutoka mpira wa kushoto kabisa hadi wa kulia kabisa. Draiva inayopoteza yadi 4 lakini inapunguza upana huo kwa yadi 15 ndiyo ya kununua, hata kama moyo unalilia ile nyingine.

Mchezaji mwenye kasi ya maili 95 kwa saa ajisikie salama mpira ukipaa kwa digrii 12 hadi 15 na kuzunguka kati ya mara 2,300 na 2,800 kwa dakika. Ukizunguka mara 3,500, tatizo ni lofti (mwinamo wa uso wa fimbo), shafti (mti wa fimbo) au mahali anapogonga usoni. Nyunyiza unga mkavu usoni uone alama ya mpira, ila mipigo hiyo usiihesabu kwenye namba, kwani unga wenyewe unaweza kubadili mzunguko. Alama zikiwa chini ya katikati, mzunguko hupanda hata fimbo iwe ya bei gani.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha ni urefu. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu hutoa ule mpigo mmoja wa kusisimua. Kuikata kwa nusu inchi humsaidia mchezaji wa kawaida kugonga katikati mara nyingi zaidi. Ukikata, kichwa kitahisiwa chepesi, kwa hiyo fundi aongeze gramu 5 au 6 kichwani ili uzito wa kuzungusha urudi ulipokuwa. Asipofanya hivyo, mteja hulaumu shafti bure. Na herufi R au S kwenye shafti, zinazoonyesha ugumu wake (R laini, S ngumu), zisikutie fahari wala aibu. Hakuna kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji, na S ya mmoja huwa laini kuliko R ya mwingine. Wanaume wengi hulipia herufi hiyo, na mpira unapinda kulia kwa sababu yake.

Sauti nayo ina nguvu kubwa mno. Kile wachezaji wanachokiita mguso mzuri, kwa sehemu kubwa, ni mlio. Kampuni ya Ping ilipata jina kutokana na mlio wa fimbo ya pata (ya kuviringisha mpira hadi shimoni) aliyoitengeneza Karsten Solheim mwaka 1959. Kwa upande mwingine, Nike ilitoa mwaka 2007 draiva ya kichwa cha mraba, SUMO 2, iliyosamehe makosa vizuri lakini ikalia kama debe, na wengi waliikataa kwa masikio yao. Hatusemi walikosea. Mlio usiopendeza hukuudhi kila unapopiga kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo, na mtu aliyeudhika hukaza mikono. Ila ijulikane kwamba mlio hauongezi hata yadi moja. Jaribio rahisi: ziba masikio kwa vizibo, mwombe fundi ageuze skrini, piga fimbo tatu, uzipange kwa jinsi ulivyozipenda. Ndipo uangalie namba. Pale mpangilio wa moyo na wa mashine unapopishana sana, utajua kilichokuwa kikikuvuta.

Kwenye aironi, hisia hucheza na namba iliyochongwa chini ya fimbo. Aironi 7 ya kizamani ilikuwa na lofti ya digrii 34 au 35. Aironi 7 nyingi za leo zilizotengenezwa kwa wanaojifunza zina digrii 28 hadi 30, yaani karibu aironi 5 ya zamani. Mteja anaona saba yake imeruka yadi 15 zaidi, anafurahi, analipa. Hajaongeza kitu mchezoni. Aulize mambo mawili: mpira unatua kwa pembe gani, na unazunguka kiasi gani? Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour hutua kwa takriban digrii 50 na aironi 7, mpira ukizunguka karibu mara 7,000 kwa dakika. Sisi wengine tutafute angalau digrii 45. Chini ya hapo mpira utagusa grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) na kuendelea hadi nyuma, na yadi zile 15 zitakuwa kwenye majani marefu. Linganisha fimbo kwa lofti, kamwe usilinganishe kwa namba iliyochongwa.

Kinyume chake kuna mvuto wa bledi, zile aironi nyembamba za chuma cha kufua ambazo zinapendeza kuziangalia tu. Hapa tunakuwa wapole kidogo. Umbo la fimbo linapowekwa nyuma ya mpira lina athari ya kweli ya kimwili: uso ukionekana umefungwa, yaani umeelekea kushoto, mikono huuzuia usigeuke, na mpira huenda kulia. Kwa hiyo mtu anayesema “siipendi ninavyoiona chini” anatoa taarifa ya kiufundi, na fundi mzuri huiandika. Lakini kupenda umbo hakufuti makosa ya mapigo. Kama alama zako usoni zimetawanyika zaidi ya upana wa sarafu kubwa, seti mchanganyiko itakufaa: bledi au aironi ndogo kuanzia 8 hadi weji (fimbo fupi za mipigo ya karibu), na vichwa vikubwa vyenye uwazi nyuma kuanzia 4 hadi 7. Moyo unapata chake kwenye fimbo fupi, ambako kusamehewa kidogo tu hakuumizi sana.

Pembe ya lai, yaani ile kati ya shafti na ardhi, isirukwe. Chora mstari mnene wa kalamu kwenye mpira, uusimamishe wima ukiutazama uso wa fimbo, kisha piga. Alama itakayobaki usoni ikisimama wima, lai iko sawa. Ncha ya kichwa ikiwa juu wakati wa kugonga, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia utaelekea kushoto. Kisigino kikiwa juu, utaelekea kulia. Chuma cha kufua hukunjwa digrii 2 bila shida. Cha kumiminwa kinahitaji fundi mzoefu, na baadhi hukataa kabisa.

Weji tuzipite haraka: kagua lofti ya weji ya kwanza ya seti yako, kwa sababu siku hizi huwa digrii 43 au 44, kisha panga nyingine kwa nafasi za digrii 4 hadi 6. Hapa mashine ya ndani haisaidii sana. Zulia huficha mpigo mzito, kwani fimbo huteleza juu yake badala ya kuchimba. Zijaribu kwenye nyasi.

Fimbo ya pata ndiyo tunayoipa hisia ruhusa ya kutangulia. Mwaka 1986 Jack Nicklaus, akiwa na miaka 46, alishinda mashindano ya Masters kwa pata ya MacGregor Response ZT yenye kichwa kikubwa cha ajabu, na wanunuzi wakaifuata kwa wingi mara moja. Pata haihitaji kasi, inahitaji utulivu, na fimbo unayoiamini hukufanya upige bila kusitasita. Chagua kwa jicho zile tatu unazozipenda. Halafu tu ndipo zipimwe: urefu, kwa kawaida inchi 33 hadi 35, kiasi kwamba macho yakae juu ya mpira au upande wako kidogo, na uzito wa kichwa, kwa kupiga mipira kumi kutoka mita 2 na kumi kutoka mita 10. Ile ambayo mipira ya mita 10 inaishia kwenye duara dogo zaidi ndiyo yako.

Kuhusu duka lenyewe, angalia jinsi ada inavyolipwa. Ada inayofutwa tu ukinunua siku hiyohiyo imewekwa ili uamue mwili ukiwa bado na msisimko. Omba karatasi ya vipimo, lala, urudi. Usipange miadi siku moja baada ya raundi mbaya, kwa sababu utatafuta fimbo ya kutibu mpira wa kupinda kulia, na mpira hupinda hivyo kwa uso ulio wazi, yaani unaotazama kulia kwa njia ya fimbo. Draiva iliyotengenezwa kuvuta mpira kushoto hupunguza tu kupinda huko. Saa moja na nusu inatosha kwa draiva pekee. Kupima seti nzima kwa kikao kimoja ni kumpima mtu aliyechoka.

Fimbo zikifika, zipimwe tena kabla ya mpira wa kwanza: lofti, lai, urefu na uzito wa kuzungusha, kila moja ikilinganishwa na karatasi. Tofauti ya digrii moja kwenye lofti hutokea mara kwa mara kiwandani. Hiyo hurekebishwa kwa dakika chache kwenye aironi za kufua, lakini kwenye draiva isiyo na kirekebishi cha shingo, rudisha kichwa.