Uzoefu wangu: kokteli ya jini ambayo bitasi si matone tena

Chupa ndogo ya Angostura, bitasi (pombe chungu ya mizizi na viungo inayotiwa vinywajini kwa matone), ile yenye kifuniko cha manjano na karatasi ya maelezo iliyo ndefu kuliko chupa yenyewe, ilikaa kabatini kwangu muda mrefu bila kazi ya maana, kwa kuwa kokteli nyingi nilizotengeneza zilihitaji matone mawili au matatu tu. Mwezi uliopita niliamua kuipa nafasi kubwa zaidi ndani ya bilauri, nikaichanganya na jini kwa namna mbili.

Nilianza na jini ya waridi, ambayo msomaji asiichanganye na zile za siku hizi zinazotiwa ladha ya matunda mekundu. Bitasi hii ilibuniwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, katika mji wa Angostura nchini Venezuela, ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar, ikiwa dawa ya matumbo ya askari. Wanamaji wa Uingereza waliitumia dhidi ya kichefuchefu cha baharini na kuilainisha kwa jini, hivyo tukapata, msomaji asicheke, jini ya jeshi la majini. Nilidondosha matone sita kwenye bilauri iliyopoa, nikaizungusha taratibu hadi kuta zake zikapata utando wa kahawia-nyekundu, kisha nikamimina mililita 60 za jini iliyotoka kwenye friza. Kinywaji hiki hakina mahali pa kuficha kasoro: jini ya kwanza niliyotumia, yenye harufu kali ya maua, ilinipa ladha ya sabuni, ilhali ile kavu yenye harufu iliyo wazi ya juniperi, tunda dogo linaloipa jini ladha yake, ilikaa vizuri na uchungu. Ni kinywaji safi, ila sikukitamani tena siku iliyofuata.

Namna ya pili ndiyo iliyonishika. Mwaka 2009 Giuseppe González, mchanganyaji wa vinywaji wa baa, alibuni Trinidad Sour, kokteli ambayo msingi wake ni bitasi yenyewe, huku wiski ya nafaka iitwayo rai (rye) ikiwa kidogo tu. Mimi niliiondoa wiski, nikaweka jini mililita 30, bitasi mililita 30, shira ya lozi mililita 30 na maji ya limau mililita 22.

Jaribio la kwanza liliharibika kabla ya kuonjwa. Kizibo cha chupa kimetengenezwa kwa ajili ya matone, nami nilijaribu kupata mililita 30 kwa kutikisa. Mkono ukachoka, hesabu ikanipotea, na nilipokibandua kwa ncha ya kisu, bitasi ikarukia kitambaa cheupe na kuacha waa ambalo sabuni haijaliondoa mpaka leo. Kosa la pili lilikuwa shira niliyoinunua, iliyokuwa sukari na manukato bila lozi ya kutosha, hivyo kinywaji kikatoka chepesi, chenye ladha ya dawa ya kikohozi.

Niliamua kuitengeneza mwenyewe: niliroweka gramu 200 za lozi zilizomenywa, nikazisaga na maji, nikakamua tui lake kwa kitambaa safi, kisha nikaliyeyushia sukari ya uzito uleule kwenye moto mdogo. Hapo ndipo kokteli ilipobadilika. Baada ya kuitikisa na barafu kwa nguvu na kuichuja, juu ilibaki povu zito la rangi ya udongo mwekundu, pua ikapokea harufu iliyonikumbusha mdalasini na karafuu, na uchungu wa mzizi wa jentiani, mmea mchungu uliomo kwenye bitasi, ukaja mwishoni kabisa, baada ya utamu na ukali wa limau kupita. Kinachonishangaza ni kwamba jini, ambayo kwenye bilauri ya kwanza ilikuwa kila kitu, hapa inasikika kama ubaridi fulani nyuma ya viungo, na ukiipunguza chini ya mililita 30 haisikiki kabisa.

Tahadhari moja: Angostura ina kilevi cha asilimia 44.7, kwa hiyo hapa unachanganya pombe kali mbili, ingawa tui la lozi linaufanya ulimi uamini vingine. Mimi huishia bilauri moja. Chupa ya mililita 200 hutoa bilauri sita na kubakiza mililita 20, nami huzihifadhi hizo kwa rafiki yangu mmoja anayeshikilia kwamba jini ya waridi ndiyo bora.