Interceptor G2 kwa nyumba za nyanda za juu: kinaua polepole, lakini kinaua

Lushoto, Kericho na Kabale, chandarua kilikuwa kitu cha anayeshuka tambarare. Leo kinastahili kuwa juu ya kila kitanda huko, na sababu ni hesabu ya joto. Kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu hakikui ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 16. Juu ya hapo, joto la wastani likiwa nyuzi 18, kinahitaji siku 55 hivi kukomaa. Likiwa 20, siku 28. Likiwa 22, siku 18 au 19. Mbu wengi hawafikishi mwezi. Kwa hiyo nyuzi mbili tu zikiongezeka, mbu ambaye angekufa kabla ya kuambukiza anapata muda wa kuambukiza. Kericho, vipimo vya kituo cha hali ya hewa vilionyesha joto likipanda karibu nyuzi 0.2 kila miaka 10. Tena mbu anapumzika ndani ya nyumba, ambako usiku kuna joto kuliko nje. Na mtu mzima wa milimani hana kinga aliyojijengea mtu wa pwani au ziwani, hivyo naye huzidiwa kama mtoto.

Chandarua tunachokipima hapa ni Interceptor G2 cha kampuni ya BASF. Ni cha poliesta, laini mkononi kuliko vile vya plastiki ngumu, na kina dawa mbili: alfa-sipamethrini miligramu 100 na klorofenapiri miligramu 200 kwa kila mita ya mraba. Ya kwanza ni ya jamii ya pairethroidi, ileile iliyo kwenye vyandarua vya zamani, ambayo mbu wa maeneo mengi wameshaizoea. Ya pili ndiyo unayoifuata. Inapoingia mwilini mwa mbu, vimeng'enya vyake mwenyewe, yaani kemikali za mwili wake zinazovunja sumu, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu inayokata nguvu kwenye seli. Vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyompa usugu dhidi ya pairethroidi, kwa hiyo silaha yake inamgeukia. Kutokana na hilo, usitundike pembeni yake chandarua chenye PBO, kemikali inayoongezwa kwenye baadhi ya vyandarua vya pairethroidi: kazi ya PBO ni kuvizima vimeng'enya hivyo.

Ushahidi wake ni wa nyumbani. Katika jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, miezi 24 baada ya ugawaji, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye vitongoji vya chandarua cha kawaida, 40.7 kwenye vya PBO, na 25.6 kwenye vya G2. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua vya aina hii pale penye usugu.

Malalamiko makubwa ya watumiaji ni kwamba "hakina dawa". Klorofenapiri haimwangushi mbu palepale. Inaweza kuchukua hadi saa 72, na mbu anakwenda kufia kwingine. Ukikagua sakafu asubuhi utakuta patupu. Wengine hukipima kwa kunguni, na kunguni wasipokufa wanakikunja na kukiweka kabatini. Kunguni si kipimo. Wengi wao nao ni sugu kwa pairethroidi.

Kasoro ya kweli ni baridi. Maabara imeonyesha dawa hii inaua mbu wengi zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 22 kwenda 30. Chumba cha milimani usiku wa Julai kinaweza kuwa chini ya hapo, hivyo usitegemee matokeo ya Misungwi yote. Hata hivyo, majira ya joto ndipo dawa inapofanya kazi vizuri.

Kabla ya kukitumia, kitoe mfukoni ukianike kivulini saa 24. Ukiruka hatua hii, uso na mikono huwasha siku za mwanzo. Kifunge pembe nne, upindo ushuke chini ya godoro na uchomekwe pande zote. Kikiwa kifupi kwa kitanda kirefu, shusha kamba, usiache pengo. Kifue kikichafuka tu, isizidi mara moja kila miezi 3, kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila kusugua kwa nguvu. Sabuni ya unga yenye nguvu na viondoa madoa huondoa dawa. Jua kali huiharibu, kwa hiyo kikauke kivulini. Maji ya kufulia yamwage shimoni, si mtoni wala bwawani, maana yanaua samaki.

Kinatajwa kudumu miaka 3 au mifuo 20. Ukweli ni kwamba mwaka wa tatu makali hupungua, na poliesta huchanika upindoni inapokwaruzwa na mbao za kitanda. Tundu la kidole lishonwe siku hiyohiyo. Koroboi na mshumaa viwe mbali: cheche moja inatosha kutoboa.

Ukinunua dukani, soma lebo iliyoshonwa upindoni. Pasipo "G2" hicho ni Interceptor cha kawaida, chenye pairethroidi peke yake, na kwa macho vinafanana. Mwenye shida ya dengi, kama wakazi wa Dar es Salaam au Mombasa, asikinunue kwa ajili hiyo: aedesi, mbu anayeeneza dengi, anauma mchana, na chandarua kitamsaidia mtoto anayelala adhuhuri tu. Huko fedha iende kwenye mifuniko ya mapipa ya maji na wavu wa madirishani.