Likizo ya Mashamba ya Zabibu Dodoma: Tathmini ya Kifurushi Kinachouzwa Dar es Salaam

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wakipata siku chache za mapumziko huelekea Bagamoyo au Zanzibar. Kwa hiyo nilifurahi kuona kampuni moja ya utalii ya hapa jijini ikiuza kifurushi cha mwisho wa wiki katika mashamba ya zabibu ya Dodoma, ndani yake mkiwa na tiketi za treni, malazi, gari na mwongozaji. Mimi na mume wangu tumekitumia, na ninakisifu kwa mengi, isipokuwa jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote, nalo ni tarehe ya safari.

Usafiri haukuwa na kasoro. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, safari ambayo kwa basi humaliza karibu mchana mzima sasa huchukua takriban saa nne. Kampuni ilitukatia tiketi mapema na kututafutia viti vya dirishani, na hilo si jambo dogo, kwa sababu eneo la Kilosa, ambako reli hupenya milima kwa mahandaki, lina mandhari ambayo abiria wa basi hayaoni. Hoteli ilikuwa safi na tulivu.

Thamani kubwa ya kifurushi ni mwongozaji, kijana wa Kigogo ambaye familia yake inalima zabibu. Alitueleza jinsi wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walivyoileta mizabibu katika miaka ya 1950, na kwa nini mmea huu, ambao Ulaya huzaa mara moja kwa mwaka kwa kuwa hulala wakati wa baridi, hapa huzaa mara mbili: hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuukatia matawi. Alitupitisha Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zao hili, kisha Hombolo, na kila aliposimama alitaja aina iliyopandwa, kuanzia Makutupora nyekundu hadi Chenin Blanc nyeupe. Alizungumza kwa uchungu kuhusu wakulima wanaokosa soko zabibu zikiwa zimeiva, maana hazisubiri; ndiyo maana baadhi yao huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda badala ya matunda yenyewe. Mgeni anayeonja mvinyo bila kuyajua haya amekunywa nusu tu ya kilichomo kwenye glasi. Mume wangu hanywi pombe, na hakutengwa hata kidogo, kwani kila kituo aliandaliwa juisi.

Sasa nirudi kwenye tarehe. Mavuno ya Dodoma huangukia takriban Machi, mvua zikiwa bado hazijakatika, na tena kati ya Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi, ambapo hali ya ukavu huzisaidia zabibu kukusanya sukari na kuepuka magonjwa ya ukungu. Kampuni huuza kifurushi hiki mwaka mzima kwa bei ile ile, na picha za matangazo yake zote zinaonyesha vichala vilivyoiva. Sisi tulipangiwa Mei. Tulikuta mizabibu imeshavunwa, mitambo ya kukamulia imenyamaza, na kikapu cha kuchumia tulichoahidiwa hakikuwa na cha kubeba. Nilipouliza ofisini baada ya kurejea, nilijibiwa, “Dada, mashamba yapo mwaka mzima.” Mashamba yapo, lakini likizo ya zabibu hupangwa kwa kufuata zabibu, na wakala anayelipwa ili apange anapaswa kumweleza mteja hivyo kabla ya kupokea fedha zake.

Siku ya pili pia ilibanwa mno. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, inastahili siku yake yenyewe, kwani kwenda Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro hiyo, na kurudi ni mwendo mrefu, na tuliikimbilia michoro ile ya kale huku dereva akitazama saa ya treni.

Ukikitaka kifurushi hiki, omba kwa maandishi tarehe za Agosti au Septemba, mtake mwongozaji huyo huyo, na uongeze usiku mmoja kwa ajili ya Kondoa. Kwa mpango huo bei yao ni ya haki. Kwa miezi ambayo hakuna mavuno, ni afadhali ukate tiketi ya treni mwenyewe na kukodi gari ukifika Dodoma.