Kiti kilichosogea sekunde ya nne: mafunzo ya wiki nane kwa wakutubi wa shule

Ni mwaka wa 11 sasa niko kwenye maktaba ya shule ya sekondari, na semina nilizohudhuria ni nyingi. Nyingi kati ya hizo nilirudi nazo na cheti na kabrasha, Jumatatu nikafungua maktaba na kufanya kazi vilevile nilivyoifanya Ijumaa iliyotangulia. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu kuhusu mafunzo ya mtandaoni niliyomaliza mwezi uliopita, yaliyoandaliwa kwa wakutubi wa shule na walimu waliokabidhiwa maktaba. Sehemu yake moja imebadilisha namna ninavyofanya kazi kila siku. Sehemu nyingine inafaa kuandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza.

Utaratibu ni huu: Jumatatu unapata video na kurasa chache za kusoma, katikati ya wiki unafanya zoezi kwenye maktaba yako mwenyewe, Ijumaa unatuma kazi kwa mshauri, naye anakujibu kwa maandishi. Kila mshauri alikuwa na washiriki 12. Hiyo idadi ishike, nitairudia.

Nianze na wiki ya nne kwa sababu ndiyo iliyonigusa. Mada ilikuwa mahojiano ya dawatini, yale mazungumzo mafupi kati ya mkutubi na anayekuja kuuliza kitabu. Niliingia nikidhani hapa sina la kujifunza. Zoezi lenyewe: mwalimu mwenzako anaigiza mwanafunzi, mshauri amemtumia karatasi yenye hitaji ambalo wewe hulijui, na simu iko mezani inarekodi sauti. Mwenzangu akaja akasema, "Samahani, nilikuwa naomba kujua vitabu vya damu viko wapi." Nikamwambia njoo, nikampeleka kwenye 612, ambayo katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa nambari za mada, ni fiziolojia ya binadamu, nikamtolea vitabu viwili vizuri vyenye michoro ya moyo na mishipa. Akashukuru, tukazima simu. Kisha akanionyesha karatasi yake: mdogo wako amegundulika ana selimundu, na wewe unaogopa kwamba huenda unayo.

Vitabu vya magonjwa viko 616. Nilimpeleka rafu isiyo yake, tena kwa tabasamu.

Majibu ya mshauri yalikuwa mistari mitatu tu. "Umeinuka kabla hajamaliza kusema. Kiti kinasikika kikisogea sekunde ya nne. Ameshukuru kwa kuwa ana adabu, hajashukuru kwa kuwa amepata." Niliweka visikizi nikasikiliza upya. Ni kweli, kiti kinaburuzika sakafuni wakati yeye bado yuko kwenye "kujua". Nikajiuliza ni watoto wangapi wamenishukuru hivyo kwa miaka yote hii wakaondoka na kitabu wasichokihitaji.

Baada ya hapo tulifundishwa kwa undani, na hapa ndipo mafunzo haya yanapostahili sifa. Kwanza, usiinuke. Ukiinuka umeshamwambia mtoto kwamba swali lake limekwisha. Uliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana: "Ungependa kujua nini hasa kuhusu damu?" Rudia alichosema kwa maneno yako ili akusahihishe. Usimuulize "kwa nini unataka?", maana mtoto analisikia kama shtaka, na usimuulize "ni cha nani?", hasa akiulizia ugonjwa, mwili au mambo ya nyumbani. Shusha sauti, kwa sababu nyuma yake kuna wenzake wanne kwenye foleni. Mwisho, kabla hajaenda, muulize kama kitabu kimejibu alichokuwa anatafuta, na umwambie anaweza kurudi.

Nilirekodi mara tatu zaidi kabla mshauri hajaridhika. Wiki mbili baadaye alikuja kijana wa kweli akitaka "vitabu vya sheria". Mwili wangu ulishaanza kuinuka kwenda 340. Nikakaa. Nikamuuliza ni sheria za namna gani, na tulipozungumza kidogo ikaonekana anataka kanuni za kuendesha mdahalo: nani anatangulia kusema, nani anajumuisha, muda unagawanywaje. Hiyo iko 808.53, rafu za mbali kabisa na sheria, kurasa chache tu. Aliisoma akiwa amesimama palepale.

Wiki ya tano iliendeleza wazo hilohilo kwa upande wa utafiti wa wanafunzi. Ilijengwa juu ya kazi ya Carol Kuhlthau wa Chuo Kikuu cha Rutgers, ambaye kuanzia miaka ya 1980 aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wakiandika kazi zao za utafiti na kuchunguza wanavyojisikia katika kila hatua. Alichokiona ni kwamba mwanafunzi akishachagua mada hupata matumaini, halafu akianza kusoma huku na huku, vyanzo vikapingana, imani yake hushuka. Huwa amechanganyikiwa kwa sababu anafanya kazi, siyo kwa sababu ni mvivu. Mimi nilikuwa namwona mtoto anakuja siku ya tatu, "naomba nibadilishe mada", na kwa moyo mwema namsaidia kubadilisha. Kumbe nilikuwa namrudisha mwanzo wakati alikuwa katikati ya safari. Siku hizi namkalisha, tunachukua karatasi moja, anaandika upande mmoja alichokipata na upande wa pili kinachompa shida. Wengi hawabadilishi tena mada.

Kuhusu kupalilia rafu, yaani kuondoa vitabu visivyofaa tena, somo lilikuwa zuri lakini halikufika mwisho. Walitumia njia ya CREW, iliyotokea Texas miaka ya 1970, ambayo inakuuliza kuhusu kila kitabu: je, kinapotosha? Kimechakaa? Kimepitwa na toleo jipya? Ni cha kijuujuu? Hakihusiani na mahitaji ya wasomaji wako? Kinapatikana kwa urahisi kwingine? Nilianza na atlasi. Tatu hazina Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Nikaenda 520, nikakuta vitabu vya anga vinavyohesabu sayari tisa, ilhali Pluto ilitolewa kwenye hesabu hiyo Agosti 2006. Watoto waliosoma vitabu hivyo walinitegemea mimi.

Ushauri walioutoa kuhusu namna ya kuondoa ulikuwa wa mtu aliyewahi kufanya: andika orodha, gonga muhuri wa kuondolewa, mkuu wa shule asaini, maana vitabu vimo kwenye leja kama mali ya shule na siku ya ukaguzi utaulizwa viko wapi. Usivirundike nyuma ya jengo vikaonwa na watu, maneno yataanza. Ila nilipouliza nifanye nini rafu ya 520 ikibaki na vitabu vitatu na hakuna fedha ya kununua vingine, nikajibiwa kwa ujumla kwamba nitafute wafadhili. Mkutubi aliye peke yake anahitaji jibu la leo. Nilichofanya ni kubakiza vitabu vinne vyenye kosa moja tu, nikabandika ndani ya jalada kikaratasi kinachosema kosa liko ukurasa gani na sahihi yake ni ipi. Mwalimu wa sayansi amekiomba kimojawapo afundishie jinsi maarifa yanavyobadilika. Naandika hili kwa yeyote aliye na rafu kama yangu.

Uainishaji ulipewa wiki ya pili, na nilifurahi kwamba mkufunzi hakuufanya mfumo wa Dewey kuwa msahafu. Alieleza kwamba ulichapishwa Marekani mwaka 1876 na bado unabeba mtazamo wa hapo ulipozaliwa: kwenye nambari za 200, ambazo ni za dini, Biblia na Ukristo vimetandazwa kuanzia 220 hadi 280 na kitu, na Uislamu wote umebanwa ndani ya 297. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi ya Kiswahili 896.392, nambari ambazo hazitoshi hata kwenye mgongo wa kitabu chembamba. Ushauri wake: weka nambari kamili kwenye katalogi, lakini mgongoni tumia lebo fupi ambayo mtoto ataisoma kutoka mbali. Nimefanya hivyo, na riwaya sasa zinarudishwa mahali pake na wanafunzi wenyewe.

Sasa wiki ya sita, ya taarifa za mtandaoni, ambayo imenisikitisha. Tulipewa orodha ya kukagua tovuti: ina jina la mwandishi? Ina tarehe? Anwani yake inaishia .org? Muundo wake ni nadhifu? Orodha ya namna hii ilifaa zamani. Leo yeyote anaweza kusajili anwani ya .org, na tovuti ya uongo inaweza kuwa nadhifu kuliko ya ukweli. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliolinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wahakiki ndio waliofanya vizuri zaidi, na siri yao ilikuwa kwamba hawakukaa kwenye tovuti wakiikagua. Waliiacha mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuihusu. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, walibaki ndani wakavutwa na nembo na mpangilio. Mafunzo ya mwaka huu yanayomfundisha mkutubi kubaki ndani ya ukurasa yanamfundisha kinyume.

Na programu za akili bandia? Ukurasa mmoja, wenye onyo kwamba wanafunzi wasizitumie kunakili. Mimi tatizo langu liko dawatini: mwanafunzi ananiletea orodha ya vitabu sita aliyopewa na programu, majina mazuri, waandishi wanaojulikana, nami natafuta kwenye katalogi za maktaba kubwa nakuta vitatu havijawahi kuandikwa. Namwambiaje bila kumvunja moyo? Namfundishaje kuhakiki mwenyewe? Washiriki tuliulizana hayo kwenye kundi letu, na tulipata mengi huko kuliko kwenye somo.

Wiki ya kwanza, yenye miongozo ya maktaba za shule ya mwaka 2015 ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931, ni marudio kwa aliyesomea ukutubi, ila mwalimu aliyepewa funguo za maktaba bila maelezo asiikose. Wiki ya saba, ya kushirikiana na walimu, ilionyesha mkutubi na mwalimu wa historia wakipanga somo kwa saa nzima. Mimi muda ambao walimu wako huru ndio muda ambao dawati langu lina foleni. Ya nane ni ya kuandika mpango wa mwaka, ifanye kwa uaminifu na utaitumia.

Nimewaandikia waandaaji kuhusu wiki ya sita na wamejibu kwamba wataipitia. Pia nimesikia kwamba wanafikiria kupokea watu wengi zaidi na kuwaondoa washauri, kazi zisahihishwe na maswali ya kuchagua jibu. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, waulize mambo mawili: nani atasikiliza rekodi yangu ya wiki ya nne, na ana washiriki wangapi? Wakikutajia mtu na idadi inayokaribia 12, jiandikishe. Wakikwambia kuna jaribio la maswali 20, subiri kwanza. Maswali 20 hayawezi kusikia kiti kikisogea.