Madoa meupe au velveti? Kumchunguza samaki mpya karantini

Samaki wa maji chumvi akianza kujikuna kwenye mabomba ya tangi la karantini, washukiwa wakuu ni vimelea wawili. Madoa meupe, yaani Cryptocaryon irritans, huonekana kama punje za chumvi. Kwenye mapezi unaweza hata kuzihesabu. Baada ya siku 3 hadi 7 vimelea hudondoka, mwili unatakata, na mwenye samaki anashangilia bure. Kizazi kipya kiko chini kinajiandaa.

Velveti, Amyloodinium ocellatum, haina subira hiyo. Mara nyingi huanzia kwenye matamvua, kwa hiyo samaki anaweza kufa ngozi ikiwa bado safi. Usingoje vumbi la dhahabu ambalo velveti huacha kwenye ngozi, tazama pumzi: anahema mbiombio, anakwepa mwanga, anang'ang'ania mbele ya mkondo wa pampu, chakula hakigusi. Zima taa, kisha mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Unga laini mno unaweza kuonekana, hasa kwenye mapezi angavu.

Hadubini ndiyo humaliza ubishi. Dawa ya shaba hutibu yote mawili, ila madoa hukupa nafasi ya kujipanga. Velveti ukiichelewesha siku moja, unaweza kukuta samaki wote wamekufa.