Uzoefu wangu: kutembelea mahandaki ya shampeni ya Pommery, Reims

Ukifika Reims, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, na una nafasi ya kutembelea nyumba moja tu ya shampeni, yaani kampuni inayotengeneza mvinyo huo wa povu, nenda Pommery. Mji huo una majina mengine makubwa, wakiwemo Veuve Clicquot, Ruinart na Taittinger, na wote wana mashimo yao ya chokaa. Lakini pale Pommery, mahandaki unayoshukia na ladha unayoonjeshwa mwishoni ni matokeo ya uamuzi wa mtu mmoja, Louise Pommery, na ziara inakufanya uone jinsi kimoja kilivyozaa kingine.

Kutoka Paris ni treni ya kasi inayoanzia kituo cha Gare de l'Est, chini ya saa moja. Kata tiketi ya ziara mapema na ubebe sweta hata wakati wa kiangazi, maana chini kuna nyuzi 10 mwaka mzima. Ngazi ya kushukia ina vidato 116. Mwenye magoti yanayomsumbua aulize kwanza.

Nyumba hii ilianza mwaka 1836. Alexandre Louis Pommery, mtu aliyepata mali kwenye biashara ya sufu, aliingia ubia na Narcisse Greno, kisha akafariki mwaka 1858 akimwacha Louise na watoto wawili, wa pili akiwa bado mchanga. Mjane huyo angeweza kuuza kila kitu akaishi kwa raha. Badala yake aliachana na sufu, akaacha na mvinyo mwekundu waliokuwa wakiuuza, akaielekeza biashara yote kwenye shampeni.

Mwaka 1868 akaanza kazi iliyonishangaza kuliko yote. Tangu zama za Warumi watu walikuwa wakichimba chokaa ya kujengea mahali hapo, wakaacha mashimo kama 120, membamba juu na mapana chini. Louise aliyanunua, akayasafisha, akayaunganisha kwa mahandaki ya kilomita 18, mita 30 chini ya ardhi. Unapita kati ya chupa zilizolala safu kwa safu, na ukutani unakutana na sanamu kubwa alizozichonga Gustave Navlet kwenye chokaa yenyewe kwa mwanga hafifu. Nilisimama mbele ya sanamu hizo muda mrefu, wenzangu wakatangulia.

Baridi ya huko chini ina kazi. Zabibu za Champagne, eneo la mashamba linaloizunguka Reims, hasa Chardonnay, Pinot Noir na Meunier, huchumwa kwa mkono ili zisipasuke. Kilo 4,000 zinaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu za juisi. Juisi ikichachuka inakuwa mvinyo mweupe mkali usio na povu, halafu mtengenezaji mkuu anachanganya mivinyo ya mashamba na miaka mbalimbali mpaka apate ladha ya nyumba yake. Mchanganyiko unatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa, na uchachukaji wa pili unaanza humo ndani. Gesi haina pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo, na mgandamizo unafika takriban mara tatu ya ule wa tairi la gari. Kwenye baridi isiyopanda wala kushuka, hamira inafanya kazi polepole, na povu linakuwa laini.

Kisha ni kungoja. Sheria inataka shampeni ya kawaida ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja ikae miaka 3. Baadaye chupa huzungushwa kidogo kidogo huku zikiinamishwa, mashapo yashukie shingoni. Shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, na donge la mashapo linaruka lenyewe kwa nguvu ya gesi. Pengo linajazwa mvinyo wenye sukari kiasi, na hapo ndipo utamu wa mwisho unapoamuliwa.

Karne ya 19 shampeni ilikuwa tamu sana, na sukari ilikuwa ikifunika kasoro. Wateja wa Uingereza walitaka kitu kikavu zaidi. Louise aliwasikiliza, na shampeni yake kavu ya mavuno ya 1874 ndiyo inayokumbukwa hadi leo. Ukiondoa sukari, zabibu ambayo haikuiva itajulikana, na mvinyo uliotolewa mapema utajulikana pia. Kwa hiyo alihitaji zabibu bora na muda mrefu zaidi wa kungoja, na muda huo unataka nafasi. Nilipolielewa hili ndipo kilomita 18 zikaacha kunishangaza. Nampenda pia kwa jambo jingine: aliwawekea wafanyakazi wake mifuko ya pensheni na matibabu, wakati ambapo waajiri wachache walifanya hivyo.

Juu, baada ya kupanda, nilionja Brut Royal, shampeni yao ya kila siku. Ilinijia limau kwanza, kisha tofaa bichi, na nyuma yake harufu ya mkate mpya. Inaacha kinywa kisafi na inachochea hamu ya kula. Ningeinywa na samaki wa kukaanga wenye chumvi kabla ya keki yoyote. Nakushauri uchague tiketi yenye glasi ya pili ya mavuno ya mwaka mmoja, maana ukizionja kwa pamoja unatambua miaka ya ziada gizani imeongeza nini. Kwangu hiyo ya pili ilikuwa nzito zaidi, yenye dalili za njugu na asali, na ilistahili kila senti niliyoongeza.

Anayependa mvinyo mtamu ataiona kali. Huyo atafute chupa iliyoandikwa demi-sec, na ziara aifanye vilevile.