Jahazi Zuri, Ratiba Mbovu: Siku Tatu Kati ya Lamu na Pate

Mwezi wa Januari tulitoka Malindi watu sita, yaani mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu, tukaenda Lamu kwa matembezi ya jahazi ya siku tatu, ambayo tulikuwa tumekwisha kuyalipia nusu kwenye ofisi moja ya kupangia wageni safari iliyo ukingoni mwa bahari. Bei ilikuwa shilingi 48,000 kwa wote, pamoja na chakula, maji ya kunywa na mahema. Ratiba tuliyopewa ilichapishwa kwenye karatasi nzuri yenye picha: siku ya kwanza kupita Mkanda na kulala kisiwa kidogo cha Manda Toto, siku ya pili Pate na Siyu, miji ya kale ya kisiwa cha Pate, siku ya tatu kurudi kwa kupitia Takwa na kufika Lamu kabla ya magharibi. Kila kitu kilikuwa na saa yake, isipokuwa maji.

Tulifika gatini saa mbili asubuhi kama tulivyoagizwa, na siku hiyo ilikuwa ya pili yake mwezi mpevu. Msomaji wa pwani ameshaelewa ninakoelekea. Kwa asiye wa pwani, nitaeleza kwamba siku za bamvua, ambazo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya huku kwetu hujaa alfajiri na alasiri, na kati ya nyakati hizo, kuelekea saa tano asubuhi, hupwa sana hadi vipwa vikaonekana. Mkanda ni mlango mwembamba uliopo kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko huku na huku, na chombo hakipiti humo kwa raha ila maji yakiwa mengi. Nahodha, mtu mzima wa maneno machache, aliutazama mstari wa unyevu ulioachwa kwenye ngazi za gati, akamwambia kijana wa ofisi, "Maji yanatoka hayo. Ama tungoje alasiri, ama tuzunguke nje." Kuzunguka nje ni kupita Shela na kuingia bahari kuu upande wa pili wa Manda, jambo ambalo kwa upepo wa kaskazi wa Januari, mkiwa na mtu mzima na watoto, si la kufurahia. Kijana akajibu kwamba injini itatuvusha kwa nusu saa tu. Tukaondoka.

Saa tatu mkuku, yaani ubao wa chini kabisa wa chombo, ukagusa tope. Mabaharia wawili walichukua pondo wakasukuma, injini ikazimwa kabla haijavuta matope, kisha nahodha akatupa nanga bila kusema lolote, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumefika. Tulikaa hadi saa saba. Ng'ambo ya Mkanda, katika ghuba ya Manda, iko bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na kina chake kimechimbwa hadi mita 17.5 ili kipokee meli kubwa; sisi huku tulikuwa tukipima maji kwa upondo, nayo yakiishia magotini mwa baharia.

Saa hizo nne ndizo zilizonionyesha kwamba waliopanga safari hii hawakumfikiria mgeni wa namna yetu. Jahazi halikuwa na choo wala mahali pa sitara. Mama mkwe wangu, ambaye ana miaka sabini na ushee, alivumilia mpaka ikambidi aseme, na ni nahodha, wala si ofisi, aliyefunga shuka mbili tezini, nyuma ya chombo, na kuwaamuru vijana wote waende omo, mbele, wakaangalie mikoko. Adhuhuri ilipoingia, alimshusha kwenye kipande cha mchanga kilichokuwa bado kikavu, akamtandikia mkeka na kumwelekeza kibla kwa mkono, bila dira, akimwambia, "Mama, kichwa cha jahazi kisikuchanganye, kibla ni huku." Jaketi za kuokolea zilikuwa sita kama zilivyoahidiwa, lakini zote za watu wazima, ile aliyovaa binti yetu mdogo ilimpita masikioni. Hili halina udhuru wowote, na mzazi yeyote anayepanga safari ya namna hii anapaswa kuziona jaketi kwa macho yake kabla ya kutoa shilingi.

Kuhusu jahazi lenyewe na watu wake, sina ila sifa. Lilikuwa limepakwa mafuta vizuri, na kwenye omo lilikuwa na yale macho mawili ya mbao yenye mwezi na nyota ambayo vyombo vya Lamu hupambwa nayo. Asubuhi ya pili, tulipotoka Manda Toto kuelekea Pate, upepo ulikuwa usoni na tulilazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, njia nzima. Kila foromali, ule mti unaoshika tanga, ilipogeuzwa upande wa pili wa mlingoti, nahodha alimpa mwanangu mkubwa ncha ya demani, kamba ya kuliongozea tanga, aishike, akimwonyesha jinsi ya kuilegeza kamba kidogo kidogo badala ya kupambana nayo. Kijana huyo, ambaye nyumbani haachi simu hata mezani, hakuigusa mpaka jioni. Wakati huohuo, jahazi likiwa limelalia ubavu, mpishi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mguu mmoja ameukaza kwenye taruma asiteleze, na makaa yakiwaka ndani ya sanduku la mchanga. Changu waliovuliwa kwa mshipi njiani waliliwa wa kupaka, kwa wali wa nazi. Nimekula samaki wa kupaka katika hoteli nyingi za Malindi zenye vitambaa vyeupe mezani, nami sijaona waliowashinda hao.

Hata hivyo ratiba iliendelea kuvunjika. Mji wa Pate haukufikika kwa chombo saa ile, kwa hiyo tuliteremka Mtangawanda, ambako kuna gati, tukaenda kwa miguu, mama mkwe akibaki chomboni. Magofu ya Pate yana mashamba ya tumbaku katikati ya kuta za majumba ya zamani, na watoto waliyapenda kuliko makumbusho yoyote. Siyu, mji uliowashinda askari wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka ya 1840 na ambao ngome yake ndiyo niliyoitaka hasa, tuliukosa, maana mkono wake wa bahari nao ni wa kuingiwa maji yakijaa, na maji yalikuwa yajae jioni. Siku ya tatu tuling'oa nanga kabla ya jua, kaskazi ikiwa nyuma yetu, tukashuka Mkanda kwa tanga tupu. Huo ulikuwa mwendo mtamu kuliko yote. Tulipofika mdomo wa kijito cha Takwa saa tatu, maji yalikuwa yanatoka tena. Kule ndani kuna msikiti wa kale na kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, ambalo watu wa Shela wana mazoea ya kuliendea kuomba mvua. Nahodha alinitazama, nami nikatikisa kichwa. Tungeingia, tungetoka usiku.

Nilipoirudia ofisi kuomba nirudishiwe sehemu ya fedha, niliambiwa kwamba bahari haina dhamana. Jibu hilo lingekuwa la haki kama tungepigwa na tufani. Lakini kujaa na kupwa kwa maji kunajulikana mwaka mzima kabla, husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na karatasi ile nzuri ilihitaji mtu mmoja tu wa kuitazama kalenda ya Kiislamu kabla ya kuandika saa.

Nahodha nilimwomba namba yake gatini, tukapanga safari nyingine sisi kwa sisi. Tutaondoka siku ya kumi na tisa ya mwezi wa Kiislamu, baada ya swala ya alfajiri, ili tuwe Mkanda saa moja maji yakijaa; tutachukua siku tano badala ya tatu, na jaketi za watoto tutakwenda nazo kutoka Malindi. Mama mkwe ameshasema anakuja, kwa sharti kwamba zile shuka mbili zifungwe tezini kabla ya kung'oa nanga.